Bia yangu ya kwanza imegoma 1.020 na mapovu yamekata: ni hamira, ni joto au ni vifaa?

#1 ndoo_ya_kwanza
Habari wakuu. Mimi mgeni kwenye huu mchezo wa kutengeneza bia nyumbani kwahiyo mnivumilie kwa maswali ya chekechea. Nimepika lita 20, makopo mawili ya ekstrakti ya kimea (ile sharubati nzito) nyeusi, kilo 1.7 kila kopo, hopsi (maua ya kutia uchungu) nimechemsha saa nzima, nikapoza kwenye beseni la maji baridi, nikaongeza maji kwenye ndoo mpaka mstari wa lita 20 halafu nikamwaga hamira iliyokuja na kopo. Mwanzoni eyaloki, kile kidude cha kutolea gesi kwenye mfuniko, ilikuwa inabubujika balaa mpaka usiku naisikia nikiwa kitandani, halafu ghafla kimya. Nimepima na haidromita, kile kioo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, inasoma 1.020, nikaacha siku tatu nikapima tena, 1.020 ile ile. Karatasi ya kopo inasema itashuka mpaka 1.010 au 1.012. Siku ya kupika ilisoma 1.044.

Sasa maswali. Imekufa au imemaliza? Naweza kujaza kwenye chupa hivi hivi? Na la mwisho, nina ndoo ya plastiki yenye koki, sufuria ya lita 12, haidromita na kipimajoto cha jikoni, ni kitu gani ninunue kwanza kabla sijapika tena? Naomba kuwasilisha.

#2 chupa_tupu
Nimeshika siti ya mbele. Wataalamu njooni.

#3 PovuZito
Karibu mkuu. Najibu la chupa kwanza maana ndilo lenye hatari: USIJAZE. Kama hiyo 1.020 haijamaliza kweli na ikashukia ndani ya chupa, kila pointi moja (1.020 ni pointi 20) inayoshuka inaongeza karibu nusu ujazo wa gesi (ujazo mmoja ni lita moja ya gesi kwa lita moja ya bia). Ikitoka 1.020 kwenda 1.012 hizo ni pointi nane, yaani ujazo kama 4 wa gesi juu ya ile uliyoweka na sukari, na bia ya kawaida inataka 2.2 mpaka 2.7 tu. Chupa zinapasuka, na vioo vyake havichagui jicho la nani. Mengine tutabishana, hilo hapana.

Halafu achana na eyaloki. Eyaloki kubweka au kunyamaza haikuambii kitu, mfuniko ukivuja kidogo gesi inapita pembeni na bia inachachuka vizuri tu bila povu hata moja kuonekana. Na ikishamaliza, joto la chumba likipanda kidogo gesi iliyoyeyuka inatoka, inabubujika tena, watu wanashangilia eti imeamka.

#4 fundi_bomba
Mi naona hamira imelala njaa. Weka kikombe cha sukari ndani, koroga kwa nguvu iingie hewa, kesho yake utaona moto.

#5 BintiKimea
@fundi_bomba tafadhali usimpe mtoto wa watu huo ushauri. Sukari ukiongeza hamira itaila hiyo sukari, itaongeza kilevi kidogo, halafu itasimama pale pale iliposimama kwasababu kilichobaki mle ndani si sukari ya mezani, ni sukari ngumu za kimea. Na kukoroga hewa sasa hivi ni kuua bia. Oksijeni inahitajika mwanzoni kabisa, pale hamira inapoanza kuzaliana. Baada ya hapo hewa inaleta ladha ya karatasi lililoloa, na hakuna dawa ya kuitoa.

@ndoo_ya_kwanza kuna kitu hakikai sawa kwenye hesabu zako. Ekstrakti ya majimaji kama yako inatoa takriban pointi 300 kwa kilo kwa lita moja. Una kilo 3.4, hiyo ni pointi 1020, gawa kwa lita 20 unapata 51. Kwahiyo bia yako imeanza 1.051 na siyo 1.044. Ulipoongeza maji juu hukuchanganya vya kutosha, yale mazito yakabaki chini na wewe ukachota sampuli ya juu. Inawatokea karibu wote wanaoongeza maji kwenye ndoo, na haina madhara yoyote kwa bia, ila usiitumie hiyo 1.044 kupiga hesabu ya kilevi.

#6 ndoo_ya_kwanza
Daah dada BintiKimea asante, kwahiyo kilevi mpaka sasa ni ngapi?

#7 BintiKimea
51 toa 20 ni 31, zidisha 0.131, karibu asilimia 4. Ikishuka mpaka 1.011 ingekuwa 5 na kitu.

#8 Mzee Pipa
Vijana mnakimbilia hesabu kabla hamjauliza bia ilikuwa na joto gani wakati wa kupima. Haidromita nyingi zimepangwa kwa nyuzi 20. Ukipima kitu cha moto inasoma juu kuliko ukweli, kwahiyo inawezekana bia yake iko 1.015 na hakuna tatizo.

#9 kipimo_kimoja
Shikamoo mzee, ila hapo umegeuza. Kimiminika cha moto ni chepesi, haidromita inazama zaidi, inasoma CHINI kuliko ukweli. Kwenye nyuzi 30 unatakiwa kuongeza kama 0.0025. Yaani kama alipima bia ya vuguvugu basi hali ni mbaya zaidi ya anavyodhani.

#10 Mzee Pipa
Marahaba. Umenikamata. Lakini swali langu linabaki, ilikuwa na joto gani?

#11 kipimo_kimoja
Swali zuri, na mi naongeza mengine. Ndoo, fanya haya usiku huu. Chukua maji masafi ya nyuzi 20 utumbukize haidromita, isome 1.000 kamili. Hizi za kioo karatasi ya ndani huwa inateleza, unakuta inadanganya pointi mbili tatu maisha yake yote. Pili, sampuli yako izungushe au imwage kati ya vyombo viwili mpaka gesi itoke, maana vipovu vikishika ubavuni mwa haidromita vinainyanyua na unasoma juu. Tatu, tuambie hamira ilikuwa gramu ngapi, jina gani, na chumba kina nyuzi ngapi mchana na usiku.

#12 chupa_tupu
Sasa hapa ndo nimeanza kuelewa kwanini bia ya dukani inauzwa bei.

#13 ndoo_ya_kwanza
Nimerudi na majibu. Haidromita kwenye maji ya nyuzi 20 inasoma 1.002. Sampuli niliyoitoa gesi ni 1.020 vile vile, kwahiyo ukweli ni 1.018 au siyo? Hamira kipakiti cha gramu 6, hakina jina wala tarehe ninayoiona, kilikuwa chini ya kifuniko cha kopo. Chumba mchana 24, usiku kinashuka mpaka 16, na ndoo iko sakafuni kwenye simenti.

#14 PovuZito
Kesi imefungwa. Gramu 6 kwa lita 20 za 1.051 ni kidogo sana, pakiti za kawaida za hamira kavu ya bia ni gramu 11 au 11.5 na hiyo ndo inayotosha lita 20 hivi. Jumlisha kipakiti kimekaa juu ya kopo ghalani sijui miezi mingapi kwenye joto, nusu ya hamira ilishakufa kabla hujafungua. Iliyobaki imejitahidi ikachoka. Ni HAMIRA.

#15 jikoni_usiku
Kesi haijafungwa bana. Soma tena: usiku 16 na simenti. Bia ikiwa inachachuka kwa nguvu inajitengenezea joto lake yenyewe, ndani ya ndoo unaweza kukuta nyuzi tatu mpaka tano juu ya chumba. Kazi ikianza kupungua lile joto linaondoka, bia inashuka kufuata chumba, simenti nayo inanyonya, hamira inaona baridi imeingia inajikunja inazama chini. Na huo ndo wakati mbaya kabisa wa kupoa, maana mwisho ndo hamira inahitaji joto. Dawa ni rahisi: nyanyua ndoo kutoka sakafuni, weka juu ya ubao, ifunge blanketi, ifikishe 20 mpaka 22, izungushe taratibu bila kufungua mfuniko ili hamira iliyolala chini ipande. Halafu isubiri wiki, usiichokonoe.

#16 BintiKimea
Nyote wawili mnaweza kuwa sahihi na bado mkakosa. Ekstrakti nyeusi ina sukari nyingi ambazo hamira haiziwezi kabisa, hata uipikie na kuiimbia. Huko kiwandani waliponda kimea wakakiloweka kwa joto walilotaka wao, wewe huna usemi. Kimea kikilowekwa 64 au 65 kinatoa sukari nyepesi nyingi, kikilowekwa 69 au 70 kinatoa nzito. Halafu ekstrakti ya majimaji ikizeeka inazidi kuwa nyeusi na wengi wanaona inazidi kuwa ngumu kuliwa. Hii 1.020 ni ugonjwa maarufu wa wapikaji wa ekstrakti dunia nzima, usitegemee karatasi ya kopo. Aangalie tarehe kwenye makopo.

#17 kipimo_kimoja
Kuna la nne. Hamira isiyo na jina inaweza kuwa ya ukoo usiokula maltotriosi, moja ya zile sukari ngumu za kimea. LalBrew Windsor kwa mfano haiigusi hiyo sukari, inasimama juu na wenyewe watengenezaji wanasema hivyo, siyo ugonjwa ni tabia. Mtu aliyezoea SafAle US-05 ambayo inakula asilimia 78 mpaka 82 akiletewa ya ukoo ule atadhani imekufa. 18 kwa 51 ni asilimia 65 imeliwa. Kwa Windsor hiyo ni kawaida kabisa.

#18 fundi_bomba
Kwahiyo sababu nne, madaktari watano, na mgonjwa bado yuko kwenye ndoo 😂

#19 PovuZito
@fundi_bomba wewe ndo ulitaka kumlisha sukari, kaa kimya.

#20 hopsi_mbichi
Naingia na kisa changu kinachofanana. Mimi nilikuwa natumia refraktomita, ile ya kudondoshea matone inayopima sukari kwa mwanga. Bia ilianza Briksi (kipimo cha asilimia ya sukari) 12.6, ikasimama 6.5, jedwali likaniambia 1.026. Nikahangaika, nikaweka hamira ya pili, nikaweka blanketi, hola. Ikaja kujulikana kilevi kinapotosha mwanga, refraktomita baada ya kuchachuka haisomi ukweli mpaka uingize kwenye kanuni ya kusahihisha, na nilipoingiza ikatoka karibu 1.013. Bia ilikuwa imemaliza siku nyingi.

#21 Mzee Pipa
Ndiyo maana nasema refraktomita ni ya siku ya kupika, haidromita ni ya siku zote. Mwenye hela ya kimoja tu anunue haidromita, tena mbili, maana ya kwanza itavunjika.

#22 ndoo_ya_kwanza
Wakuu hapo kwenye kununua ndo nilikuwa nawasubiri. Nimeona masufuria makubwa ya chuma cha pua yenye koki na kipimajoto ubavuni, roho imetoka. Ninunue?

#23 jikoni_usiku
Hapana. Sufuria linalong'aa halibadilishi ladha. Kitu kinachobadilisha ladha ni kushika joto la ndoo. Kwa bia za kawaida za hamira inayochachua juu ni 18 mpaka 21, ukiacha iende 27 unapata harufu ya ndizi na ya gundi na kichwa cha kesho yake. Kama una friji kuukuu inayofanya kazi, nunua swichi ya joto ya kuchomeka ukutani, kile kiwaya chenye kihisio bandika kwenye ubavu wa ndoo ukifunike na sponji. Huna friji, weka ndoo ndani ya beseni la maji, funika ndoo na taulo inayogusa maji, feni iipulize, na badilisha chupa za barafu asubuhi na jioni. Inashusha nyuzi kadhaa bila gharama. Maji mengi pia hayapandi wala kushuka joto haraka, kwahiyo hata yale ya usiku 16 mchana 24 yanatulia.

#24 BintiKimea
Naunga mkono, ila kabla ya friji mimi naweka mzani mdogo wa gramu. Watu wanapima sukari ya chupa kwa kijiko, chupa moja inalipuka nyingine iko kama chai. Sukari ya kutia gesi ni kama gramu 6 kwa lita, ichemshe kwenye maji kidogo, imwage kwenye ndoo safi ya pili, halafu ingiza bia juu yake kwa mpira ichanganyike yenyewe polepole bila kurusha povu. Kwahiyo namba mbili ni ndoo ya pili yenye koki, na namba tatu ni kile kijiti cha kujazia chenye vali chini.

#25 hopsi_mbichi
Vipi kuhusu mitungi ya kioo? Naona inapendeza, unaona bia inavyocheza ndani.

#26 Mzee Pipa
Inapendeza mpaka siku inakuteleza mkononi ikiwa na lita 20 na mikono imejaa sabuni. Kioo hakipitishi hewa na hakichubuki, hiyo kweli. Lakini kizito, hakina pa kushika, na kikivunjika kinakata mishipa. Plastiki ya daraja la chakula inatosha kabisa, ile yenye namba 2 chini kwenye pembetatu ni nzuri. Masharti yake ni mawili tu, usiisugue na kitu kigumu maana mikwaruzo ni nyumba ya wadudu, na usitumie ndoo iliyowahi kukaa kitu chenye harufu kali maana plastiki haisahau. Mimi mbao na chuma nimepita, narudi kwenye ndoo.

#27 PovuZito
Na hiyo KOKI ya ndoo uifungue vipande vipande kila baada ya matumizi. Watu wanasafisha ndoo inang'aa halafu koki ndani ina utelezi wa bia tatu zilizopita.

#28 mgeni_wa_jumatano
Samahani nauliza kutoka nje ya mada, hivi mnasafishia na nini? Mimi natumia dawa ya klorini ya kufulia na bia zangu zote zina ladha fulani kama plasta ya kidonda.

#29 kipimo_kimoja
Wewe umejijibu mwenyewe. Klorini ikikutana na fenoli za bia inatengeneza klorofenoli, hiyo ndo plasta, na ulimi unaikamata hata ikiwa chembe. Mabaki kidogo tu yanatosha, na hata maji ya bomba yenye klorini yanaweza kuleta. Kwa maji ya kupikia, tembe moja ya Campden inatibu kama lita 75, kwahiyo kwa lita 20 robo tu, ponda, koroga, dakika chache imeisha, na inaondoa hata kloramini (klorini iliyoungana na amonia) ambayo kuchemsha hakuiondoi kirahisi. Kwa vifaa hama, tumia dawa ya asidi isiyosuuzwa kama Star San, mililita 1.6 hivi kwa lita, dakika moja mbili inatosha. Povu lake usiliogope, jaza bia juu yake.

#30 fundi_bomba
Hapo nabisha. Klorini nimetumia miaka na sina plasta. Tatizo ni watu hawasuuzi. Ukisuuza na maji yaliyochemshwa mara mbili tatu hakuna shida.

#31 BintiKimea
Inawezekana fundi, ila hayo maji ya kusuuzia kila siku uyachemshe, uyapoze, usiyachafue... mwisho unafanya kazi mara mbili. Na usije ukaichanganya klorini na asidi hata siku moja, inatoa gesi ya sumu. Na tusisahau kusafisha na kuua vijidudu ni mambo mawili tofauti, uchafu ukibaki hakuna dawa inayopenya. Kwanza osha mpaka isitelezi, halafu ndo dawa.

#32 chupa_tupu
Swali la woga. Hii bia ya ndoo haiwezi kupofusha mtu? Mama anasema macho.

#33 Mzee Pipa
Mwambie mama atulie. Methanoli kwenye bia ya shayiri ni chembe tu, isiyofikia kudhuru mtu, inatoka zaidi kwenye pektini za matunda na hata huko ni kidogo. Visa vya macho ni vya pombe kali iliyochakachuliwa na methanoli ya viwandani, au watu wanaochezea mitambo ya kuvukiza. Sisi hatuvukizi, na popote ulipo soma sheria yako kwanza, maana hata kutengeneza bia kuna mahali kunadhibitiwa. Na wadudu wanaoua mtu hawaipendi bia, imechemshwa, ina hopsi, ina kilevi na uchachu wake ni pH 4 na kitu. Ikiharibika itakuwa chachu au itanuka, utaimwaga mwenyewe. Ukungu wenye manyoya ndo usionje.

#34 hopsi_mbichi
Mzee umetaja pH, mnajua kipimo chenyewe kilizaliwa kwenye maabara ya kiwanda cha bia? Sørensen, maabara ya Carlsberg, 1909.

#35 kipimo_kimoja
Na hamira safi ya ukoo mmoja ni hapo hapo, Emil Christian Hansen, 1883. Kabla yake kila mtu alikuwa na mseto wa hamira na wadudu. Pasteur ndo alikuwa ameshaandika kitabu kizima kuhusu magonjwa ya bia, 1876.

#36 PovuZito
Na Wabavaria 1516 walitunga sheria kwamba bia iwe ya shayiri, hopsi na maji tu, hamira hawakuitaja kabisa. Wangemwona ndoo_ya_kwanza na kipakiti cha gramu 6 wangeitaja 😂

#37 jikoni_usiku
Uzi umeshahamia darasa la historia. Ndoo uko wapi, umeifunga blanketi?

#38 ndoo_ya_kwanza
Niko hapa nasoma kimya kimya. Nimeipandisha juu ya ubao, blanketi, kibandiko cha joto ubavuni kinasema 21. Tarehe ya makopo nimeiona, moja limebakiza miezi miwili, lingine limepita. Na juu kuna vitu vyeupe vinaelea kama visiwa, ndo imeoza?

#39 BintiKimea
Lingine limepita!! Haya, nani alisema ekstrakti.

Visiwa vyeupe au vya rangi ya maziwa vinavyovunjika ukitikisa mara nyingi ni hamira tu inaelea. Ukiona ngozi kavu imejikunja kama karatasi na ina mapovu makubwa yaliyonaswa chini yake, hapo kuna mgeni, hamira ya mwituni Brettanomyces au bakteria. Nusa, onja tone. Siki? Hakuna siki, endelea.

#40 kipimo_kimoja
Mkuu fanya jaribio litakalonyamazisha watu. Chota mililita 300 kwenye chupa safi, weka hamira nyingi mno ya bia, iweke mahali pa nyuzi 25 au 27, itikise kila ukipita, siku mbili tatu, halafu pima. Ikishuka, ujue sukari ipo na tatizo ni hamira au joto. Isiposhuka, huo ndo mwisho wa ekstrakti yako, jaza chupa ulale. Sampuli usiirudishe ndooni.

#41 fundi_bomba
Au aweke kimeng'enya cha amilesi kwenye ndoo yote amalize biashara.

#42 kipimo_kimoja
Kile kikianza hakijui kusimama. Kinakata hata sukari ambazo ndo zinaipa bia mwili, unaweza kufika 1.000 na bado kikaendelea ndani ya chupa. Kwa mgeni hapana.

#43 ndoo_ya_kwanza
Matokeo wakuu. Sampuli niliweka pakiti mpya ya US-05, karibu nusu yake, imesoma 1.016, nikitoa zile mbili za haidromita ni 1.014. Ndoo yenyewe baada ya blanketi imesoma 1.018, yaani ukweli 1.016. Na ladha haina siki, ina utamu kidogo na kaharufu ka tufaa bichi.

#44 jikoni_usiku
Blanketi limeshusha pointi mbili. JOTO. Nilisema.

#45 BintiKimea
Sampuli imekataa kwenda chini ya 1.014 hata kwa hamira ya kumwaga. EKSTRAKTI. Karatasi ilisema 1.010.

#46 PovuZito
Hamira mpya imefika pale ambapo ya zamani haijafika. Nyie mnasoma namba zile zile mimi nasoma.

#47 kipimo_kimoja
Tena kuna kasoro ambayo hakuna aliyeitaja. US-05 imeonyesha mwisho wa US-05. Ile ya kopo kama ni ya ukoo usiokula maltotriosi mwisho wake unaweza kuwa 1.016 hiyo hiyo na imeshamaliza. Jaribio lilitakiwa lifanyike na hamira ile ile, ambayo hana tena.

Tufaa bichi ni asetaldehidi, hamira ikipewa muda inaisafisha yenyewe. Sababu nyingine ya kuiacha.

#48 ndoo_ya_kwanza
Sasa nijaze au nisijaze? Nimechoka kuiangalia 😅

#49 Mzee Pipa
Iache siku tano zaidi kwenye 21. Namba isipotikisika, jaza, ila sukari punguza iwe gramu 4 kwa lita. Hata ikishuka hizo pointi mbili chupani unaongeza ujazo mmoja tu, inakuwa na povu jingi lakini chupa nzito za bia zinahimili.

#50 PovuZito
Sikubali mzee. Kupunguza sukari kwa kubahatisha ni kamari na vioo. Amwage ile nusu pakiti ya US-05 iliyobaki ndani ya ndoo, ifike 1.014 iliko sampuli, ndo ajaze kwa sukari kamili.

#51 Mzee Pipa
Hamira kavu ukiimwaga kwenye bia yenye kilevi asilimia 4 isiyo na hewa nyingi inalala tu.

#52 PovuZito
Aiamshe kwanza na ekstrakti kidogo kwenye glasi mpaka ianze kutoa povu, aimwage ikiwa inachachuka kwa nguvu. Nimefanya, inafanya kazi.

#53 BintiKimea
Vyovyote mtakavyokubaliana, ndoo chukua chupa mbili za plastiki za soda zioshe vizuri, zijaze na hiyo bia pamoja na za kioo. Zibonyeze kila siku. Zikiwa ngumu kama jiwe mapema, za kioo zote ziingie friji haraka na zifunguliwe moja moja juu ya sinki ukiwa na taulo.

#54 chupa_tupu
Na za kioo zikae ndani ya kreti lenye mfuniko, sio chini ya kitanda. Halafu ziwe kahawia, za kijani na nyeupe mwanga unazinukisha kama kicheche.

#55 ndoo_ya_kwanza
Poa, naamsha hiyo US-05 usiku huu, mzee usinikasirikie. Nikipima naweka namba hapa.

#56 Mzee Pipa
Sikasiriki. Andika na joto la sampuli safari hii.